Kutunga Si Kudanganya: Likizo Yetu ya Baridi Dzaleka

Wiki hii zamu ni yetu, sisi wanne wa kona ya hadithi. Tuliombwa tueleze mtu anayeandika hadithi anaishi vipi na anafanya kazi vipi wakati wa likizo ya baridi. Tulikubali haraka, tukidhani ni kitu chepesi. Tulipokaa kuandika tukaona kuna jambo moja lililotusumbua likizo yote, na tukiliruka tutakuwa tumewaficha. Basi tutaanza na baridi, halafu tutafika huko.

Vitabu vingi tulivyosoma shuleni vinasema baridi ni mwezi wa kumi na mbili, pamoja na theluji na Noeli. Huku kwetu mwezi wa kumi na mbili ni mvua, matope na mbu. Baridi ya Malawi inaanza mwezi wa tano, inakaza mwezi wa sita na wa saba, na shule zinapofungwa kuelekea mwisho wa mwezi wa saba bado iko. Dzaleka iko kwenye uwanda wa juu, wilaya ya Dowa, kama kilomita 45 kutoka Lilongwe. Upepo ukianza asubuhi unapita kwenye nyumba zetu za tofali za udongo kama hazina ukuta. Sisi tuliotoka Uvira na Fizi, kando ya Ziwa Tanganyika, tunateseka kweli. Mwenzetu wa Bukavu anatucheka, eti hii kwao ni hali ya kawaida. Lakini naye tulimuona akinunua koti la kaunjika, yaani mitumba, kubwa kama blanketi.

Kwa wasiojua kambi yetu, tueleze kidogo. Zamani Dzaleka ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa, wakati wa utawala wa Kamuzu Banda. Wenyeji hutuambia kwamba kwa Chichewa jina hili linabeba maana ya mtu anayesema "sitarudia tena". Mwaka 1994 ikawa kambi ya wakimbizi. Ilipangwa kwa watu kama 10,000 hadi 12,000, na leo tuko zaidi ya 50,000: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia. Mwaka 2023 serikali ilipoamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini, nafasi ilizidi kuwa ndogo. Tunasema haya kwa sababu mtu anayeandika anahitaji mahali pa kukaa na dakika chache za kimya. Hapa vyote viwili ni shida.

Mwandishi tunayemzungumzia ni mmoja wetu wanne. Ana miaka 23, alimaliza sekondari hapa hapa. Hataki jina lake liwekwe, mtaelewa kwa nini. Tutamwita Mwandishi tu, kama tunavyomwita tukimtania.

Siku yake ya likizo inaanza saa kumi alfajiri. Kwao wako saba katika vyumba viwili, na saa hiyo ndiyo peke yake nyumba inanyamaza. Anajifunika blanketi mpaka kichwani, anawasha tochi ya simu, anaandika kwenye daftari la shule. Biki inagoma kwa baridi, kwa hiyo anaisugua kwanza katikati ya viganja mpaka wino ushuke. Ukurasa mmoja, mmoja na nusu, siku nyingine mistari minne tu. Anasema akipata kurasa tatu anajua mbili zitatupwa.

Saa kumi na mbili anachukua bido mbili anaenda kupanga foleni bombani. Kwa mtu wa hadithi foleni ya maji ni kazi pia. Anasikiliza. Mama mmoja anagombana na mwingine kuhusu nafasi, kwa Kirundi na Kibembe, kila mmoja kwa lugha yake, na wanaelewana kabisa. Mambo kama hayo anayaweka kichwani. Haandiki pale, maana ukitoa daftari kwenye foleni watu wanadhani unaandikisha majina ya msaada, na utazungukwa.

Kuanzia saa tatu mpaka saa sita tunakutana wote wanne kwenye kona ya hadithi. Ni ukuta tu unaopata jua mapema, na mkeka. Watoto wanakuja kuota jua, wengine wamejifunga vitenge vya mama zao mabegani. Shule imefungwa, nyumbani hakuna la kufanya, na baridi inafanya njaa isikike zaidi. Mwenzetu mmoja aliyewahi kusoma Tanzania alitufundisha kufungua kama wanavyofungua kule. Msimulizi anaita "Hadithi, hadithi!" na watoto wanajibu "Hadithi njoo! Uongo njoo! Utamu kolea!" Watoto wanaipenda sana hiyo sehemu ya uongo. Wanaipigia kelele mpaka majirani wanachungulia.

Halafu Mwandishi anasoma alichoandika alfajiri. Na kila siku, bila kukosa, kuna mtoto anauliza: "Ni ya kweli hii?"

Yeye hujibu vilevile kila mara. "Sungura nimemtunga. Foleni ni ya kweli."

Mchana anakwenda kusaidia kwenye kinyozi cha mjomba wake. Hapo ndipo hadithi nyingi zinapatikana, kwa sababu umeme unakatika. Mteja anakuwa ameshanyolewa upande mmoja, mashine inanyamaza, na huwezi kutembea kambini ukiwa na kichwa nusu. Unakaa. Unaongea. Siku moja Papa mmoja alikaa hivyo kuanzia saa nane mpaka jioni, amefunikwa shuka shingoni, akizungumza na kila aliyepita.

Usiku wake Mwandishi akaanza hadithi aliyoiita "Kichwa Nusu". Ni kuhusu mwanaume aliyenyolewa upande mmoja, umeme ukakatika, na uliporudi akakataa kumaliziwa. Akasema upande wa pili utanyolewa siku atakayoitwa kwenda nchi nyingine. Miaka inapita, upande mmoja unakuwa mweupe kwa mvi, upande wa pili yeye mwenyewe anaunyoa kila wiki. Katika hadithi, mke wake alizama ziwani wakati wa kukimbia.

Ilikuwa nzuri, tunawaambia ukweli. Jioni, tukiwa tumezunguka mbabula (Wamalawi wanasema mbaula, tofauti yetu ni herufi moja), alitusomea yote huku sombe inachemka. Mama yake alisikiliza na yeye akacheka. Tukasema hii si ya watoto peke yao, hii lazima iende kwenye ukurasa wetu. Tuliipiga kwenye simu sehemu kwa sehemu, tukipokezana, kwa sababu vidole vilikuwa vinakufa ganzi. Tukaweka na picha ya kinyozi, ili ipendeze.

Hapo ndipo tulipokosea, sisi wanne.

Hatukuandika popote kwamba ni hadithi ya kubuni. Tulidhani kila mtu ataona. Katika siku mbili watu wengi wakaisoma, kuliko kitu chochote tulichowahi kuweka. Watu wakaandika "pole sana Papa" na "Mungu ni mwema". Kisha mfanyakazi mmoja wa shirika, mtu mwenye moyo mzuri kabisa, akatuandikia faraghani akiuliza huyu Papa anaishi sehemu gani ya kambi, ili aangalie kama anaweza kusaidiwa. Sisi tulifurahi kusomwa na mtu wa shirika. Tukakaa siku mbili nzima bila kumjibu, tukitafuta maneno mazuri. Aibu yake tunayo mpaka leo. Mtu alikuwa anatafuta njia ya kumsaidia mtu ambaye hayupo, na kambini kuna wengi waliopo.

Na Papa wa kweli, yule wa shuka shingoni, alikuwepo. Mke wake hakuzama popote. Anauza samaki sokoni. Alikuja kwenye kona yetu mbele ya watoto, mikono kiunoni, akamtazama Mwandishi.

"Mwanangu, nimekukosea nini mpaka ukaniua?"

Watoto wakacheka. Sisi hatukucheka. Jioni tulikwenda kwao na kilo moja ya sukari kuomba msamaha. Papa alitupokea vizuri, akasema yeye kichwa hakimuumi, kinachomuuma ni kwamba majirani wameanza kumuuliza kama ana mke mwingine aliyekufa ambaye hakumwandikisha. Alisema hivyo kwa sauti ya chini. Tukaelewa kwamba hili jambo ni kubwa kuliko tulivyodhani.

Sasa tuwaeleze wale ambao hawajaishi kambini, hasa ninyi wafanyakazi wapya. Hapa kwetu neno "stori" lina maana mbili. Moja ni ile ya kusimuliana. Ya pili ni ile kila mmoja wetu anayoibeba tangu alipovuka mpaka: ulitoka lini, nani alikufa, nani alibaki, ulipita wapi. Unaisema siku ya kuandikishwa. Unaisema tena kwenye mahojiano ya hadhi ya ukimbizi. Ikija bahati ya kuitwa kwa ajili ya nchi ya tatu, unaisema tena, na tena. Kila mara inatakiwa ifanane na ile ya kwanza. Wazazi wetu wengine wanaikariri usiku, tarehe kwa tarehe, kwa sababu mambo yale yaliwapata wakiwa wanakimbia na hawakuwa na kalenda mkononi. Wanaogopa kwamba wakikosea mwezi, mtu ataona wametunga.

Na neno ni hilo hilo. Mtu akisifiwa, watu wanasema "anajua kutunga". Mtu akishutumiwa, wanasema "ametunga huyo".

Wiki moja baada ya "Kichwa Nusu", familia ya Mwandishi iliitwa kwenye mahojiano. Walikuwa wamesubiri miaka tisa. Tarehe ilikuwa baada ya siku kumi na nne. Jirani mmoja, wala hakuwa na nia mbaya, alimpongeza Mama halafu akaongeza: "Lakini huyu kijana wako anayetunga stori, wakimuona huko kwenye Facebook si watasema hata yenu ameitunga yeye?"

Mama hakulala. Asubuhi alimwita mwanawe.

"Papa, uliandika mke wa mtu amekufa na yuko hai."

"Ni hadithi, Mama."

"Baba yako amekufa kweli. Nitasema baba yako amekufa, na wao watanitazama hivi, watakumbuka yule mke wa samaki."

Mwandishi hakuwa na jibu. Alimpa daftari. Mama hakulichana wala kulichoma. Alilifunga kwenye mfuko wa plastiki, akaliingiza ndani ya gunia la unga, chini kabisa. Alituomba na sisi tuondoe hadithi zake zote kwenye ukurasa mpaka mambo yaishe. Tuliziondoa usiku huo huo.

Siku kumi na nne zile zilikuwa ndefu. Mwandishi aliendelea kuamka saa kumi alfajiri kwa mazoea, akawa amelala macho wazi akisikiliza mbwa. Bombani alikwenda. Kwenye kinyozi alinyoa bila kuongea. Kwenye kona alikaa nyuma na kupanga watoto tu.

Sisi watatu tukasema kazi isisimame, tutaandika wenyewe. Tuliandika hadithi ya mbuzi. Ilitugharimu jioni mbili. Mbuzi alikwenda sokoni, akarudi, akaenda tena. Katikati mtoto mmoja wa kike aliinua mkono, akauliza kwa adabu: "Sasa huyu mbuzi anatafuta nini?" Hatukujua. Hakuna aliyeuliza kama ni ya kweli. Pale tulijifunza kwamba kutunga ni kazi ya mikono kama kushona au kuchomelea. Kwa mbali inaonekana rahisi. Mwandishi alikuwa anatupa kurasa mbili kila tatu, na sisi hatukuwa tumetupa hata sentensi moja.

Jioni moja tulijaribu kuongea na Mama. Mwenzetu mmoja alikuwa amejiandaa na mfano wa Abdulrazak Gurnah. Akaeleza: huyu mzee alizaliwa Zanzibar mwaka 1948. Baada ya Mapinduzi ya 1964 aliondoka akiwa bado kijana, akafika Uingereza, kwenye baridi ya kweli. Kule ndiko alikoanza kuandika, kwa upweke na kukumbuka kwao. Mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na riwaya yake moja siku hizi inasomwa kwa Kiswahili, inaitwa Peponi. Mkimbizi kama sisi, Mama, na kazi yake ni kutunga.

Mama alikuwa anageuza makaa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mzee huyo aliandika akiwa amekwisha fika," alisema. "Mimi bado niko kwenye foleni."

Tulinyamaza. Mpaka leo hatujapata jibu lake, na hatutaki kujifanya tunalo. Anayekuambia andika bila woga mara nyingi ni mtu ambaye karatasi zake zimekwisha kamilika.

Lakini katika kukaa pale na kunyamaza, Mwandishi ndiye alianza kuongea. Alimwambia mama yake kwamba yeye anapotunga anajua kila mahali alipotoka nje ya ukweli. Anajua mke wa kwenye hadithi alizama kwa sababu yeye alimzamisha, siku ya Jumanne, baada ya kufikiria vifo vingine viwili na kuviacha. Kifo cha baba yake hakukichagua. Hawezi kukibadilisha hata akitaka, na ndiyo maana hajawahi kukiandika. Alisema: "Anayesema uongo anataka usijue mpaka uko wapi. Mimi nikianza nawaambia watoto, uongo njoo. Wanajua mlango tulioingilia."

Mama hakusema ndiyo wala hapana. Aliuliza nani anataka nsima ya moto kabla haijapoa.

Siku ya mahojiano walitoka mapema, baridi ikiwa kali, wote saba wamevaa nguo za kanisani na makoti ya kaunjika juu. Sisi watatu tulibaki na watoto wa kona. Tuliwasimulia ngano za sungura na fisi ambazo kila mtu anazijua, tukawa tunasahau mwisho wake.

Walirudi jioni. Yaliyoulizwa ndani ni yao, hatukuuliza na hatutaandika. Kitu kimoja tu Mama alitueleza mwenyewe, huku akivua viatu, na ametupa ruhusa tukiweke hapa. Walifika mahali anaulizwa kila mmoja katika familia anafanya kazi gani. Alipofika kwa huyu kijana, alitaka kusema kinyozi. Ni kweli pia, ananyoa.

"Lakini nilikuwa nimeambiwa niseme kweli mwanzo mpaka mwisho," alisema. "Nitaanzaje kuficha kitu ambacho hata si kosa? Nikamwambia: huyu anatunga hadithi. Za kubuni. Anawasomea watoto wakati wa likizo, na anawaambia kabisa ni za kubuni."

Tukamuuliza afisa alifanya nini.

"Aliandika. Akauliza swali linalofuata."

Basi. Siku kumi na nne tulizoshindwa kupumua, na jambo lenyewe likaandikwa kwenye mstari mmoja. Hatusemi woga wa Mama ulikuwa wa bure. Angeweza kukutana na mtu mwingine, siku nyingine. Mpaka tunapoandika haya majibu hayajatoka, na hakuna anayejua yatakuwaje. Tunasema tu kilichotokea.

Kesho yake alitoa daftari ndani ya gunia. Kurasa zilikuwa zimejaa unga. Mwandishi alilikung'uta nje ya mlango, na bado ukifungua katikati unakuta ungaunga kwenye mshono. Saa kumi alfajiri tochi ikawaka tena.

Hadithi aliyoandika wiki hiyo inahusu mwanamke anayeficha kitu kwenye gunia la unga mpaka anasahau ni nini, na kila akipika familia inaota ndoto za watu wengine. Kabla ya kutusomea sisi alimsomea Mama. Kabla ya kuiweka popote alimuuliza kama anaruhusu. Mama alisema aongeze kwamba mwanamke huyo alikuwa mpishi mzuri.

Sasa kona yetu ina utaratibu, na tunauweka hapa kwa ajili ya vikundi vingine vinavyoandika, msije mkapita tulipopita. Mstari wa kwanza wa kila hadithi tunaandika: "Hii ni hadithi ya kubuni." Hatuweki picha ya mahali wala ya mtu halisi. Kama kuna kitu kimetoka kwa jirani, tunakibadilisha mpaka jirani mwenyewe asijitambue, na kama hakibadiliki tunamwomba ruhusa kwanza. Na mtu wa shirika akiuliza kama ni kweli, tunajibu siku hiyo hiyo, hata kama jibu litatupunguzia sifa.

Kwenu ninyi wafanyakazi wa mashirika tuna ombi moja, kwa heshima. Mnapokuja na mradi wa uandishi kwa vijana, karibu kila mara mnatuambia "andika stori yako". Tunashukuru, lakini hiyo stori tumekwisha kuisema mara nyingi, mbele ya meza, na saa ya ukutani ikituangalia. Siku moja tuambieni mtunge. Tupeni daftari na muda wa kuandika mambo ambayo hayajatupata. Kijana anayeweza kubuni mtu mwingine, amfikirie anavyolala na anachoogopa, anafanya kazi ngumu na ya kweli. Na mkimuona kwenye orodha, msimtilie shaka kwa sababu hiyo.

Likizo imeisha. Watoto wanarudi shuleni na baridi imelegea, upepo sasa unaleta vumbi tu. Siku ya mwisho ya kona Mwandishi alisoma ile ya gunia la unga. Alipomaliza, yule binti aliyetuuliza kuhusu mbuzi akainua mkono.

"Ni ya kweli hii?"

Mwandishi alimtazama Mama, ambaye siku hiyo alikuwa amekuja kuota jua na watoto.

"Gunia ni la kweli," Mama akajibu.

Ni sisi wanne wa kona ya hadithi, Dzaleka. Mwenye hadithi ya kubuni atutumie, tutaisoma mbele ya watoto likizo ijayo.